Mtoto wa darasa la kwanza aanze na kishkwambi au na mita ya umeme ya LUKU?

Mleta mada, Nkuhungu

Wakuu, salaam kutoka hapa Dodoma. Kikao cha wazazi juzi kiliisha kwa kurushiana maneno, nimeona nilete hapa. Shule anakosoma mwanangu wa darasa la kwanza inataka kila mzazi achangie vishkwambi ili watoto wafundishwe teknolojia, nishati na mazingira. Tulioneshwa mfano wake: mtoto anagusa kioo, takataka inaruka yenyewe ndani ya pipa, anapigiwa makofi. Nimepinga, nikaitwa mshamba.

Mtoto wa miaka sita umeme anaujua siku unapokatika. Mimi nilimpa wangu kazi: kila jioni asome uniti kwenye mita, aandike kwenye daftari. Siku ya tatu akauliza mbona jana zimekwenda mbili na leo nne. Tukakaa kutafuta mchawi. Tulikuwa na wageni, pasi na birika havikupumzika. Birika la wati 2,000 ukilichemsha mara sita, dakika tano tano, limeshakula uniti nzima. Taa ya LED ya wati 9 inawaka zaidi ya saa 100 kwa uniti hiyohiyo. Hakuniamini. Akataka tuwashe taa tukeshe tuhesabu.

Sasa niambieni, kishkwambi kingemuuliza swali lile? Na sisi tulio kwenye bei nafuu ya chini ya uniti 75 kwa mwezi tunajua ukivuka bei inavyopanda.

Mwalimu, Bahi

Ndugu mleta mada, daftari lako nalisifu, ila unakionea kishkwambi. Mimi ninacho kimoja, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 halafu tukapewa walimu. Kimoja kwa darasa zima, na kimenisaidia kuliko ubao.

Niliwauliza watoto Mtera ni nini. Wote: "Kwa samaki!" Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pale kuna mitambo ya megawati 80. Nikawaonesha picha za bwawa, nikafuata mto kwa kidole kwenye ramani. Maji ya Ruaha Mkuu yakitoka Mtera yanateremka hadi Kidatu, yanazungusha mitambo mingine ya megawati 204, kisha yanaingia Rufiji, yanakutana na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Mmoja akasimama: "Mwalimu, maji yaleyale mara tatu? Hayachoki?" Kipindi kikaishia hapo, kila mtu anabisha. Hilo mita yako isingeleta, maana mita inaanza kuhesabu umeme ukishafika kwako.

Halafu kuna jambo wazazi wa mjini hamlioni. Mtoto wa huku akiigusa kompyuta kwa mara ya kwanza ana miaka 18, wenzake wameshafika mbali.

Mama muuza mkaa, Chang'ombe

Mnabishana kioo na mita, mimi kwangu mmeniletea vita. Mwanangu alitoka shule akasimama mlangoni: "Mama, wewe unamaliza miti." Mimi! Shoka sijawahi kushika. Nanunua gunia, napima kwa kopo, na hilo kopo ndilo lililomnunulia sare aliyovaa akinisema.

Wanawafundisha mkaa mbaya, gesi nzuri. Sawa, moshi naumeza mimi, siwezi kubisha. Lakini hakuna anayemweleza mtoto kwa nini jirani hanunui gesi. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha unataka hela yote kwa mkupuo. Mkaa unakuja na ulichonacho mkononi, hata kama ni cha kuivisha ugali wa usiku mmoja. Hiyo nayo ni hesabu, ifundishwe. Na huyo anayefundisha, uji wa shule yake unaivia wapi? Tulisikia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 mwisho wa kuni na mkaa ilikuwa Januari 2024. Mimi moshi wa jiko la shule nauona nikiwa kibarazani kwangu.

Mzee wa Kondoa

Wanangu, sisi somo hili tulifundishwa na makorongo. HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika ili ardhi ipumzike. Majani yalirudi, nimeyaona kwa macho yangu. Lakini na maziwa yalitoka majumbani, na hakuna aliyetueleza watoto kwa nini. Tulijua tu baba kanuna. Mama wa Chang'ombe asikilizwe.

Fundi sola, Ihumwa

Swali moja tu kwa waliochanga. Vishkwambi vikifa vinatupwa wapi? Mimi kila wiki naletewa betri za sola zilizokufa, na nyingine nazikuta mtaani watoto wamezipasua wanatafuta madini ya risasi. Ile ni sumu, inaingia mwilini kimya kimya. Kama kuna somo la teknolojia na mazingira kwa mtoto mdogo, mimi ningeanzia na betri, usiguse, usipasue, mpelekee mkubwa.

Mleta mada, Nkuhungu

Mwalimu, ile ya maji kutochoka nimekubali yaishe. Kimoja cha mwalimu nitachangia. Kimoja kwa kila mtoto bado nakataa, na hoja ya fundi imeniongezea sababu ambayo sikuwa nayo.

Ila leo asubuhi nimepata pigo. Nilipeleka daftari la mwanangu kwa mwalimu wake nikiwa najisikia sana, nikamwomba darasa zima lifanye hivyo. Akawaambia watoto: nyoosheni mikono wenye mita nyumbani. Mikono 19. Darasa lina watoto 64. Wengine wanalipa kwa mwenye nyumba, mita wamefungiwa chumbani kwake, wengine hawana umeme kabisa. Nimerudi nimenyong'onyea. Hao 45 waandike nini?

Mama muuza mkaa, Chang'ombe

Waandike makopo. Kwangu ni mawili kwa siku, matatu kukiwa na maharage.