Herufi kibao, unatafuta moja: kuvusha, kufanya pande zote, au kuweka namba kwanza?

Mama_Tororo
Habari zenu jamani. Kijana wangu yuko S.3 (sekondari mwaka wa tatu), sasa wamefika kwenye ile milinganyo ya herufi tupu, unaambiwa toa t ibaki peke yake, toa r ibaki peke yake, na hapa nyumbani kila mtu amekuwa mwalimu. Ticha wake anataka kitu kimoja kifanywe pande zote mbili za alama ya sawasawa, mjomba wake anamwambia avushe tu abadili alama amalize, dada yake aliyemaliza S.4 anasema weka namba kwanza ndo uanze kuhangaika. Mimi ni mtu wa duka, hesabu zangu ni za chenji. Ipi inamfaa mtoto?

Kuvusha_Tu
Kuvusha mama, usipoteze muda. Fomula ya mwendo, v = u + at, unataka t: u inavuka unapata v − u, a inaenda chini kugawa, t = (v − u)/a. Mistari miwili imeisha. Hiyo ya pande zote ni kumaliza wino wa kalamu ya mtoto bure.

Mwl_Arua
Kaka umechagua fomula laini ndo maana. Mimi nasahihisha madaftari, naona kuvusha kunavyowaangusha. Mtoto kaambiwa "ikivuka inabadili alama", basi 3x = 12 anaandika x = 12 − 3, mwenzake anaandika x = 12/(−3), maana kwake kila kinachovuka lazima kibadilike kama pesa pale mpakani Malaba. Hajiulizi ile 3 ilikuwa inafanya nini pale. Ilikuwa inazidisha, kwa hiyo kuiondoa ni kugawa, na alama yake haiguswi.

Halafu wape fomula ya lenzi, 1/f = 1/u + 1/v (u na v hapa ni umbali, si zile za mwendo), watoe v. Nusu ya darasa wanapindua kila kipande wanapata v = f − u. Weka f = 10 na u = 15 uone: hiyo inakupa −5, na jibu la kweli ni 30. Anayefanya pande zote anaanza na 1/v = 1/f − 1/u, analeta asili moja, (u − f)/uf, ndo anapindua upande mzima kwa pamoja: v = uf/(u − f). 150 gawa kwa 5, 30.

Kuvusha_Tu
Sawa mwalimu hiyo ya lenzi nakupa. Ila mtu akishaelewa unamzuia kuvusha wa nini?

Mwl_Arua
Simzuii. Avushe akiwa anajua anachofanya, mimi mwenyewe navusha ubaoni kila siku.

DadaS4
Mimi ndo yule wa namba kwanza, si dada wa huyo kijana lakini tuko chama kimoja 😂 Ukipewa u = 5, v = 20, a = 3, kwa nini uteseke na herufi? 20 = 5 + 3t, t = 5, unaendelea na swali la pili. Mambo ya herufi nayafanya swali likisema wazi "toa t" maana hapo huna namba za kuweka.

Sola_Jinja
Namba kwanza ni nzuri kama unahesabu mara moja tu dada. Mimi nafunga sola, kila nyumba waya wake. Volti zinazopotea njiani ni V = 2ρIL/A, ρ ni ukinzani wa waya wenyewe, ya shaba ni kama 0.0175 ukipima kwa mita na milimita za mraba, I ampea, L urefu wa kwenda tu (ile 2 ni kwenda na kurudi), A eneo la mkato wa waya kwa milimita za mraba. Mteja hakuulizi V, anauliza anunue waya gani! Kwa hiyo nilitoa A mara moja nikaiandika nyuma ya daftari: A = 2ρIL/V. Sistimu ya volti 12, ampea 10, mita 8, nakubali kupoteza nusu volti: 2 × 0.0175 × 10 × 8 ni 2.8, gawa kwa 0.5 napata 5.6, namwambia anunue 6. Kesho nyumba nyingine mita 15, sianzi upya, nabadili namba tu.

DadaS4
Eh hapo umenibana. Hata jedwali la praktiko ya fizikia ni hivyohivyo, safu nzima inataka fomula moja.

Kuvusha_Tu
Na hizi kalkuleta zenye kitufe cha SOLVE, kinachotafuta jibu chenyewe, je? Unabonyeza tu.

Mwl_Arua
Inakupa namba, haikupi fomula yenye herufi. Akiambiwa atoe x kwenye y = (ax + b)/(cx + d) haimsaidii kitu. Na hapo kuvusha kwa mazoea nako kunakwama maana x ziko mbili, ukivusha moja nyingine inabaki inakutazama. Zidisha pande zote kwa cx + d, fungua mabano, kusanya zenye x upande mmoja: cxy − ax = b − dy. Sasa toa x nje ya mabano, x(cy − a) = b − dy, gawa, x = (b − dy)/(cy − a). Hiyo hatua ya kutoa x nje ndo wengi hawaioni, na hakuna njia yoyote kati ya hizo tatu ya kuikwepa. Mama mwambie kijana aanze na pande zote, mkato utakuja wenyewe.

Mama_Tororo
Asanteni sana. Leo kapewa ile ya pendulamu, T = 2π√(l/g) (T muda wa kwenda na kurudi, l urefu wa uzi, g mvuto wa dunia), atoe g, kaandika g = 2πl/T². Yuko hapa anasubiri 😅

Sola_Jinja
Ajaribu l mita 1 na T sekunde 2. Yake inatoa kama 1.57, na g inajulikana ni 9.8 hivi.

Mwl_Arua
Kaweka kipeo cha pili kwenye T akaisahau 2π. Upande mzima ndo unapigwa kipeo, T² = 4π²l/g, kwa hiyo g = 4π²l/T². Namba zilezile za Sola zinampa 9.87.