Mrejesho: jioni ya viongozi wa wanafunzi na wageni wa Kichina, Mombasa

Asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa namna ya kuwakutanisha viongozi wa wanafunzi na Wachina wanaofanya kazi hapa Mombasa bila shughuli kugeuka hotuba tupu. Ushauri wa kukata hotuba hadi dakika 10 umefaa: saa nzima ilibaki ya mazungumzo, meza 6 za watu 8, kila meza na swali lake.

Meza ya SGR (reli ya kisasa) ndiyo iliyochemka. Waliokuja na kauli ya "Uchina inatunyonya" tu walikwama mapema. Waliojua kwamba reli ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa 2017, na kwamba sehemu kubwa ya fedha ni mkopo wa Exim Bank ya Uchina, waliuliza kuhusu riba na sarafu ya malipo, wakajibiwa. Kwa hiyo tumeni kurasa 2 za kusoma siku 3 kabla. Kisa cha twiga wa Malindi aliyepelekwa Uchina mwaka 1415 hufungua mazungumzo, lakini kisirefushwe.

Kilichoharibika ni WeChat, programu ya simu ambayo Wachina hutumia kuwasiliana. Akaunti mpya mara nyingi hudai kuthibitishwa na mtumiaji wa zamani, na wengi walikwama hapo mlangoni. Fungueni wiki moja kabla. Kadi za biashara hutolewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea mpokeaji. Ukipewa, isome kwanza ndipo uitie mfukoni.

Halafu adhana ya magharibi ilikata mjadala katikati (kosa la ratiba, si la muadhini). Tengeni dakika 20 za swala.