Mjadala: Droni zinamsaidia nyangumi, au zinampiga picha akiangamia?

Mleta mada: Wakuu, kule Massachusetts, Marekani, shirika la Ocean Alliance linatumia droni iitwayo SnotBot. Nyangumi akiibuka kupumua, droni inapita kwenye mvuke wa pumzi yake na visahani vilivyofungwa juu yake vinanasa matone. Humo maabara inapata vinasaba, homoni, hata bakteria. Njia ya zamani ni kumfukuza kwa boti na kumchoma mshale unaorudi na kipande cha ngozi. Mimi nasema fedha za droni ziongezwe.

Mchangiaji 1: Ziongezwe tujue nini, mkuu? Nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini, wale wasio na pezi mgongoni, hawafiki 400. Wanagongwa na meli na kunaswa na kamba za mitego ya kaa na kambakoche. Hilo halihitaji droni. Tangu 2008 Marekani inazitaka meli za futi 65 na zaidi zisizidi kilomita 18.5 kwa saa katika maeneo na misimu maalumu. Pendekezo la kuzibana na zile ndogo likaondolewa Januari 2025. Data zilikuwepo tele!

Mleta mada: Ukihesabu mizoga tu, walio hai utawaona wazima. Picha za ndege na droni ndizo zilizoonyesha, mwaka 2021, kwamba nyangumi haohao wanaozaliwa siku hizi hukua wakiwa wafupi kwa takribani mita moja kuliko wa miaka ya 1980 mwanzoni. Wamedumaa, na kamba zimechangia.

Mchangiaji 2: Mie niko Watamu, pwani ya Kenya. Nyangumi wa nundu wanapita kwetu kuanzia Julai hivi, wametoka Antaktika kuja kuzaa. Kupima urefu unaweza kupiga picha toka juu sana, sina neno. Ila mleta mada amelipita hili: kunasa pumzi lazima droni ishuke karibu kabisa. Hicho kiwe kibali cha mtafiti mwenye sababu. Mtalii anayetaka video ya mama na ndama, hapana.

Mchangiaji 1: Nani atamkamata huko baharini?

Mchangiaji 2: Abanwe nahodha. Droni ikirushwa botini mwako, leseni yako inasimamishwa.

Mchangiaji 3: Na bakshishi ya huyo mtalii utamlipa nahodha wewe?