Mzee aliyekuwa akivika boila za reli amepatikana na mesotelioma. Nielewesheni

Binti wa Reli, Tororo

Salaam wote. Naomba maelezo, hasa kwa mlio kwenye kazi ya tiba. Baba yangu ana miaka 77. Tangu mwaka jana pumzi zinamwishia akitoka tu kitandani kwenda mlangoni, na ubavu wa kulia unamuuma usiku kucha. Walimtoa maji kifuani, yakajaa tena. Akapewa dawa za TB, akazimaliza zote, hali ikawa ile ile. Sasa Kampala wamechukua kipande cha nyama ubavuni na jibu limetoka: mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka pafu.

Daktari alimuuliza kama amewahi kushika asbesto. Mzee akajibu papo hapo: kabla ya 1977, reli ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima, alikuwa karakana ya Nairobi, kazi yake kuvika boila za injini za mvuke kwa asbesto. Anasema walitoka kazini nyusi nyeupe kwa vumbi.

Lakini hiyo ni karibu miaka 50! Inawezekanaje? Na wajukuu wanaolala naye chumba kimoja, watapona?

Nesi Mstaafu, Mbale

Pole sana mwanangu. Wajukuu waendelee kulala na babu yao, saratani hii haiambukizi kabisa. Msimtenge mzee.

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi. Likikatwa au kusuguliwa, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Ukizivuta zinashuka hadi chini kabisa ya pafu, nyingine zinafika kwenye utando unaolizunguka. Mwili hauwezi kuziyeyusha, zinakaa humo kama mwiba ulioachwa mguuni, zikiuchokoza utando mwaka hadi mwaka. Kwa kawaida saratani hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Kwa hiyo hesabu ya mzee inaingia.

Jambo hili lilijulikana hapa hapa Afrika. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walitangaza wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wametokea upande wa migodi ya asbesto ya bluu huko Cape. Wengine hawakuwahi kushika sururu. Walikulia tu karibu na migodi.

Kuhusu TB: hapa kwetu maji yakionekana kifuani, TB ndiyo hufikiriwa kwanza, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Ila maji yakirudi baada ya dawa kuisha, mtu aulizwe kazi zake zote tangu ujana. Hili linaniuma, kwa sababu ni swali la dakika moja. Na kupima maji peke yake mara nyingi hakutoshi. Utando wenyewe ndio unaosema ukweli, kama walivyofanya Kampala.

Soma karatasi ya majibu uone aina. Epitelioidi huenda polepole kuliko sarkomatoidi. Dawa zinazotumika tangu 2004 ni sisplatini pamoja na pemetreksedi. Zinaongeza muda, haziponyi, na kwa umri wake daktari atazame figo kwanza. Maji yakizidi kurudi, uliza kama wanaweza kuweka unga wa talki ili utando ugandamane na ubavu.

Maumivu msiyavumilie. Uganda tuna mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 manesi waliosomea huduma hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Inapunguza hata kule kuhema. Si dawa ya kumuua mgonjwa, watu waache kusema hivyo.

Fundi Paa, Jinja

Mama, umenitia wasiwasi. Sisi tunabomoa nyumba za zamani na kukata yale mabati ya asbesto kwa msumeno. Mimi pia navuta sigara. Je, ndiyo imeshanipata?

Nesi Mstaafu, Mbale

Hapana, si kila aliyevuta vumbi huugua. Lakini acha msumeno leo. Bati zima lililotulia juu ya nyumba lina hatari ndogo, hatari ni kukata, kuvunja na kufagia pakavu. Likibidi kutolewa, liloweshwe kwanza, lishushwe zima. Kitambaa cha puani hakikingi nyuzi hizo. Sigara haileti mesotelioma, ila sigara na asbesto pamoja huzidisha sana saratani ya pafu lenyewe. Iache, mwanangu. Na nguo za kazi zisiingie nyumbani.

Binti wa Reli, Tororo

Asante mama, Mungu akubariki. Hapo kwenye nguo umenishtua. Kule Nairobi mama ndiye aliyekung'uta na kufua ovaroli za baba kila wiki. Yeye hana shida, ni kikohozi tu.

Nesi Mstaafu, Mbale

Wake waliofua nguo hizo nao wamewahi kuugua, nchi nyingi. Usimtishe, kikohozi kina sababu mia. Mpeleke apigwe picha ya kifua, na umwambie daktari maneno hayo hayo: alifua ovaroli za mvika boila. Hakikisha daktari ameyaandika kwenye faili.