Nilisema "badilisha antena", sikusema "toboa gari": fundi kaniharibia 504 ya marehemu baba, Malindi

Jamani, naandika hasira hazijashuka, kwa hivyo mtanisamehe nikiteleza ulimi. Leo ni siku ya tatu na bado nikipita ubavuni mwa gari natazama pembeni.

Gari ni Peugeot 504, saluni, iliyounganishwa hapa hapa Kenya. Vijana mtaiona mkweche. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1975, na 1978 ikashinda tena, ingawa ile ya pili ilikuwa kupe, yaani ya milango miwili, ya injini ya V6. Marehemu baba hakuwa na habari na tofauti hizo. Kwake 504 ni 504, na ushindi ulikuwa wake binafsi. Ameniachia gari na redio yake ya vitufe, inashika FM na masafa ya kati (AM), na antena ya chrome ya kuchomoa kwa kijifunguo, imekaa kwenye madigadi ya mbele kushoto.

Sasa kusi ilipovuma, kuti la mnazi likaanguka juu ya gari. Kioo salama, boneti salama, ufito wa antena ukakatika katikati. Nikasema alhamdulillahi, hilo si kubwa. Nikasaka Mombasa mpaka nikapata nyingine ya aina ile ile, unene ule ule, waya wake mzima. Haikuhitaji kutoboa kitu. Unafungua nati ya zamani, unachomoa, unatia mpya kwenye tundu lile lile, unakaza. Mgongo wangu haukubali tena kulala chini ya gari, ndiyo nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Nikamwambia kijana, mwanangu, antena hii hapa kwenye boksi, tundu lile pale. Akajibu, "Ami, hiyo ni ya nusu saa, nenda msikitini urudi." Ilikuwa Ijumaa. Nikaenda.

Kurudi, nakuta kitu cheusi cha mpira, kifupi kama mkia wa mbuzi, kimesimama juu ya madigadi yangu, lakini si pale pa zamani. Kimesogea mbele kama shubiri moja. Tundu la zamani limezibwa kwa silikoni nyeupe, alama ya kidole bado iko juu yake. Boksi langu liko kiti cha nyuma, halijafunguliwa.

Namuuliza, nini hiki? "Ami, nati ya zamani imeshikwa na kutu, haifunguki. Halafu hizi za kisasa ndizo zinashika." Imeshikwa na kutu! Malindi! Kitu gani hapa hakijashikwa na kutu? Chumvi ya bahari inaingia hadi ndani ya saa ya ukutani. Ndiyo maana Mungu akatupa mafuta ya kulainisha kutu: unapulizia jioni, unaacha mpaka asubuhi, unagonga kidogo, spana inazunguka. Yeye alikata kitako kwa msumeno, kilichobaki akakisukuma ndani, akashika drili. Mtu ana simu mfukoni, mimi nina simu mfukoni, na msikiti uko hatua mia mbili. Hakuniuliza.

Nikalipa, ndiyo, nililipa, msinicheke. 2,500 za kazi na 1,200 za huo mkia wa mbuzi. Watu walikuwa wamejaa na mimi sikutaka kupiga kelele siku ya Ijumaa.

Jumamosi nikaelekea Gongoni kwa shemeji. Kwa antena ya zamani Pwani FM ilikuwa inanifuata safari nzima. Safari hii sijafika hata daraja la Sabaki, redio inakaanga samaki. Nikahamia masafa ya kati, mluzi mtupu. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Injini ndiyo imekuwa stesheni. Na hapo niko njia ya Ngomeni, mahali ambapo Waitaliano walirusha setelaiti kutoka baharini, na ile iliyoitwa Uhuru ikapaa tarehe 12 Desemba 1970. Binadamu alitoa chombo hapo kikaenda kusikiliza nyota, mimi sisikii taarifa ya habari ya saa saba.

Nikampigia fundi. "Ami, redio yako imezeeka."

Redio imezeeka? Redio iliyokuwa inaimba wiki iliyopita?

Jumapili alfajiri nikasema acha mgongo uniume utakavyo, nalala. Nikakata usukani, tairi ikageuka, nikalala chali na tochi. Nawaambia nilichokiona.

Kwanza, ule mkia una kikuza mawimbi ndani ya kitako, na kikuza mawimbi kinataka umeme wa volti 12. Waya wake wa umeme umekunjwa, umefungwa kwa tepu, unaning'inia. Haukuunganishwa popote. Kwa hiyo hakikuzi chochote, na ishara inayopita humo inafika kwa redio imechoka. Antena ya kawaida haihitaji mambo haya: mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3, robo yake ni kama sentimita 75, na ndiyo maana fito za zamani zilikuwa ndefu vile. Haukuwa urembo.

Pili, kitako kimekazwa juu ya rangi. Rangi nzima, inang'aa, hata haikukwaruzwa. Antena ya gari lazima ishike chuma kitupu cha bodi, kwa sababu bodi yenyewe ni nusu ya antena. Ile nyavu inayozunguka waya ikikosa kushika bodi pale kitakoni, kelele za plagi za injini na za alteneta, ile inayochaji betri, zinaingia moja kwa moja. Nikaweka mita ya umeme kwenye alama ya kupiga mlio, ncha moja kwenye ganda la plagi ya antena, nyingine kwenye bodi. Kimya. Ingetakiwa ilie. Kazi ya msasa dakika mbili chini ya madigadi, kisha grisi juu yake ili chumvi isiingie. Dakika mbili!

Tatu, hili ndilo lililonifanya nicheke peke yangu chini ya gari kama mwehu. Waya haukufika kwenye redio, basi akaunga kipande cha waya wa televisheni. Akasokota kwa mkono, akafunga tepu. Waya wa antena ya gari si waya wa televisheni, wakuu. Wa gari umetengenezwa wa uzi mwembamba wenye nafasi ya hewa ndani, ili usimeze ishara ya masafa ya kati. Huu wa televisheni unaimeza. Usiku wa kaskazi nilikuwa naegesha ufukweni, masafa ya kati yanavuta Kiarabu kutoka ng'ambo ya bahari, safi kabisa, nanywa kahawa yangu. Sasa basi.

Na hata angeweka antena sahihi, redio hizi za zamani zina kiskurubu kidogo karibu na tundu la antena. Ukibadilisha antena unatafuta stesheni hafifu karibu na 1400 kwenye masafa ya kati, unakizungusha polepole kwa bisibisi ndogo mpaka sauti ipande. Nikimwuliza kama anakijua hicho kiskurubu, najua atanijibu nini.

Lakini redio nitaitengeneza. Kinachoniuma ni madigadi. Baba aliitunza miaka yote hiyo, kila mwisho wa wiki maji baridi chini ya matao ya magurudumu kutoa chumvi, na haikuwa na tundu hata moja la kutu. Sasa ina mawili, moja chini ya silikoni ambayo maji yataingia nyuma yake na kukaa, na lingine lenye kingo za drili tupu, bila rangi ya kuzuia kutu. Siku ya tatu leo, na kingo zimeshaanza kuwa na rangi ya chai.

Nimerudi gereji jana. Mwenye gereji ananiambia kazi imefanyika, hela hairudi, ila anaweza kunipunguzia 500 nikileta gari tena. Nilete tena! Akatobolee mlango?

Kama kuna mtu hapa Malindi au Watamu anamjua fundi wa bodi wa kweli, wa kukata kiraka cha bati na kuchomelea kidogo kidogo bila kupinda madigadi, na kupaka pande zote mbili, naomba aniambie. Na anipigie kabla ya kushika drili.

Antena ya Mombasa bado iko kwenye boksi, kiti cha nyuma. Picha za lile tundu nitaziweka kesho mchana. Leo sina moyo wa kutoka nje kuzipiga.