Wakili kapokea hela za fidia ya mzee wetu halafu hatoi, sheria inambana vipi?

mama_Neema

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa mawazo kwa wenye uelewa wa sheria maana sisi hapa tumefika mahali hatujui tushike wapi tuache wapi.

Mzee wetu alikuwa na kesi ya kiwanja na kampuni moja iliyopitisha njia ya malori kwenye eneo lake bila kumlipa. Tukatafuta wakili, na mwanzoni alipambana kweli, hilo siwezi kumnyima. Baadaye kampuni wakaomba yaishe kwa mazungumzo, wakakubaliana milioni 26, hati ya makubaliano ikasajiliwa mahakamani na humo ndani ikaandikwa kwamba malipo yatapitia akaunti ya ofisi ya wakili. Sisi tukaona sawa tu, tukasubiri. Kila tukiuliza ni bado zipo kwenye mchakato, mara benki mtandao unasumbua, mara mhasibu wa kampuni kasafiri. Mdogo wangu uvumilivu ukamshinda akaenda mwenyewe kwa huyo mhasibu, mhasibu akafungua faili akamtolea kopi ya karatasi ya benki, hela ziliingia kwa wakili tangu mwezi wa pili, zote kwa mkupuo, namba ya muamala ipo, muhuri wa benki upo. Tukaipiga picha tukamtumia wakili WhatsApp, tiki zikawa za bluu na mpaka leo hajajibu. Ofisini karani anasema bosi yupo Dodoma.

Mzee ana miaka 74 na sukari inamsumbua, hela hiyo ndio tulikuwa tunaitegemea kwa matibabu. Nimesikia kuna kamati ya kuwashughulikia mawakili lakini wengine wananiambia nisipoteze muda, wale wanalindana. Ni kweli? Na tukimshitaki anaweza kukasirika akazishikilia kabisa hizo hela? Naombeni ushauri wa kweli jamani, si wa kunifariji.

Reuben wa Mabibo

Pole sana dada. Mimi nakwambia nenda polisi moja kwa moja, achana na kamati. Mwenzako atashitakiwa kwa nani, kwa wenzake aliosoma nao? Shangazi yangu aliuziwa nyumba ya mirathi na mtu wa aina hiyo hiyo, amezunguka ofisi hadi kachoka, mwisho kamuachia Mungu. Wapelekee polisi karatasi ya benki, wamuite, akilala ndani usiku mmoja hela itatoka.

Msomi_Kyela

Mama Neema pole sana, na mpe pole mzee. Mimi ni wakili, nitakueleza ninavyojua, ila tafuta wakili mwingine wa kukusimamia ana kwa ana, huku mtandaoni hatuwezi kuona nyaraka zenu.

Kabla ya yote ingia kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili, andika jina lake, utaona kama yupo kwenye orodha na kama leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Nasema hivi kwa sababu vishoka ni wengi mno, mtu ana suti, ana ofisi na muhuri, kumbe hajawahi kuapishwa. Kama ni kishoka basi Kamati haimhusu, hilo ni la polisi tangu mwanzo, mana kujifanya wakili ni kosa la jinai kwenye Sheria ya Mawakili, Sura ya 341.

Akiwa wakili kweli, elewa kwamba hapo una mambo mawili na watu wengi wanayachanganya. Kuna hela yenu na kuna leseni yake. Kamati ya Mawakili inashughulika na leseni, yani inaangalia mwenendo wake na kumpa adhabu, inaweza kumpa onyo, kumsimamisha kwa muda, au kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili. Hela unaidai mahakamani kwa kesi ya madai, na kama kaitumia kwa mambo yake basi kuna jinai pia, Kanuni ya Adhabu inazungumzia wizi unaofanywa na wakala, mtu uliyemkabidhi mali yako na yeye akaigeuza yake. Hizo njia hazizuiani. Kwa hiyo Reuben hajakosea kusema polisi, alipokosea ni kusema achana na Kamati, kwa sababu mtu anayeogopa kupoteza leseni mara nyingi anatafuta hela haraka kuliko anayeogopa deni.

Na hili la kulindana. Mwenyekiti wa Kamati ni jaji wa Mahakama Kuu, kuna upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kuna wakili anayetoka TLS, yani chama cha mawakili wa Tanzania Bara. Sio kikao cha mawakili peke yao. TLS wenyewe hawana uwezo wa kumfuta mtu, unaweza kuwapelekea malalamiko wakamuita mkaongea na wakati mwingine inatosha kabisa, ila panga linalokata lipo kwenye Kamati.

Sasa kazi yenu. Mwandikieni barua ya madai, ya karatasi, sio WhatsApp. Taja namba ya kesi, kiasi, tarehe hela ilipoingia, mtake atoe hesabu na alipe ndani ya siku mtakazozitaja. Mpelekeeni ofisini na daftari la dispachi, karani asaini na kugonga muhuri, akikataa andika jina lake na saa uliyofika hapo hapo na uwe na shahidi. Barua hiyo ina uzito sana baadaye, mana atakosa pa kusema hakujua kama mnaidai.

Asipojibu andaeni malalamiko ya Kamati pamoja na hati ya kiapo, mzee ndiye anayeapa kwa sababu mteja ni yeye. Ambatanisheni hati ya makubaliano, ile karatasi ya benki, risiti za ada mlizomlipa, na meseji zenu zilizochapishwa zote kwa mpangilio, msichague zile za ugomvi tu. Andikeni kilichotokea na tarehe, basi. Malalamiko mengi ninayoyaona yanaangukia hapo, mtu anaandika kurasa nane za uchungu, "amenidhulumu", "hana utu", ni kweli kabisa anayosema lakini hakuna tarehe hata moja wala karatasi moja iliyobanwa nyuma, mjumbe wa Kamati anabaki hana cha kushika.

Kuhusu kukasirika na kuzishikilia, hela ya mteja si ya ofisi. Kanuni zinamtaka aiweke kwenye akaunti ya wateja, tofauti na akaunti anayolipia kodi ya ofisi na mishahara, na muda wowote aweze kuonyesha iko wapi. Kama anadai ada iliyobaki aandike bili muione. Hawezi kukaa na milioni 26 zote kwa sababu anadai sehemu.

Reuben wa Mabibo

Msomi nakuelewa, ila mbona wakili Fatma Karume walimfuta uwakili Septemba 2020, na kosa lilikuwa maneno aliyoandika kwenye hoja za kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu? Na wakili Mwabukusi 2024 kapewa onyo kwa maneno ya kupinga mkataba wa bandari. Hao hawakula hela ya mzee yeyote. Ndio mana nasema wanawahi wanaposemwa wakubwa, ya wanyonge yanakaa.

Msomi_Kyela

Sibishani na wewe kwenye uchungu huo, na mimi naona ile kesi ya Fatma haikupaswa kufika kule. Alisimamishwa na jaji siku ile ile kesi ilipotupwa, Septemba 2019, kisha Kamati ikamfuta. Ila malizia habari yote basi, Juni 2021 Mahakama Kuu ilitengua ule uamuzi akarudi kazini. Na Mwabukusi walipomuengua kugombea urais wa TLS kwa sababu ya lile onyo, Mahakama Kuu ikamrudisha kwenye kinyang'anyiro na Agosti akashinda. Kamati haina neno la mwisho, upande wowote usioridhika unakata rufaa.

Tofauti ninayoiona ni kwamba serikali ikilalamika ina ofisi nzima ya wanasheria wa kuandaa faili, mwananchi anakuja na bahasha ya kaki na machozi. Hilo linaniuma sana na ningetamani TLS wawe na dawati la kumsaidia mlalamikaji kuandaa karatasi zake, hata kama anayelalamikiwa ni mwenzetu. Lakini Mama Neema ana karatasi ya benki yenye muhuri! Watu wachache sana wanafika na kitu kama hicho.

binti_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nawasoma na roho inaniuma kwa huyo mzee, pole dadangu. Huku Kenya mambo ya wakili kukalia pesa za mteja ni mengi mno, hasa fidia za ajali za barabarani, bima inalipa wakili na mwenye mguu uliovunjika haambiwi.

Sisi tuna tume ya serikali ya kupokea malalamiko dhidi ya mawakili, iko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, inapokea bure, na inaweza kuwaleta mkae chini muelewane. Ikishindikana kesi inakwenda kwenye jopo la nidhamu. Kile ninachokipenda kwa sheria yetu, kifungu cha 60, ni kwamba jopo halikomei kwa onyo, kumsimamisha mpaka miaka 5 ama kumfuta, linaweza pia kumpiga faini ya hadi shilingi milioni 1 na kumwamuru akufidie hadi milioni 5, pesa za Kenya. Mtu anapata nidhamu na fidia mlango mmoja. Inachukua muda lakini, nisikudanganye, jirani yangu alifuatilia hadi akawa anajulikana na askari wa mlangoni, mwishowe alilipwa kwa vipande vipande.

mama_Neema

Nawashukuru sana wote, Mungu awabariki. Nimeangalia e-Wakili, yupo na leseni yake iko hai. Barua tunaiandika kesho na mdogo wangu.

Ila kuna kitu mzee ametuambia leo tulipomuuliza vizuri. Anasema mwezi wa tatu karani alikuja nyumbani na karatasi, akamwambia ni za kufunga faili, mzee akaweka dole gumba kwa sababu macho hayaoni vizuri, hakuachiwa kopi. Sasa naogopa isije ikawa ameandikishwa kwamba ameshapokea hela. Tumekwisha?

Msomi_Kyela

Hamjakwisha kabisa, ila vizuri umesema sasa kabla barua haijaandikwa. Ongezeni aya kwenye barua ya madai, mnataka kopi ya kila nyaraka ambayo mzee ameweka dole gumba tangu kesi ianze, na mtaje tarehe ambayo karani alikuja nyumbani. Msiseme "tunajua mmetufojia", ombeni tu. Kama anayo na inasema mzee kalipwa, atalazimika kuonyesha alimlipaje, milioni 26 haitembei bila alama, ni benki ipi, namba ipi ya simu, nani alihesabu noti. Halafu mtu asiyeona vizuri anatakiwa asomewe nyaraka na ithibitishwe kwamba alisomewa akaelewa kabla ya kuweka dole, angalieni nani kasaini kama shahidi.

Leo hii chukueni taarifa ya benki ya mzee na ya simu anayopokelea hela, kuanzia Februari mpaka sasa, ionyeshe hakuna kilichoingia. Na nani alikuwepo nyumbani siku karani alipokuja?

mama_Neema

Alikuwepo binti wa kazi, na yeye ndiye aliyemshika mzee mkono kumsogezea wino. Bado tunaye hapa nyumbani.

Msomi_Kyela

Basi naye aandae hati yake ya kiapo, aseme alichokiona na alichosikia karani akisema, kwa maneno yake mwenyewe. Afanye wiki hii, wakati bado anakumbuka vizuri.