Mzee anataka kuuza kiwanja dada asome digrii, mi naona bora VETA. Mnasemaje?

KijanaWaGoms:
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGE (historia, jiografia na uchumi), kapata division two. Kachaguliwa chuo cha praiveti hapahapa Dar, ununuzi na ugavi, ila mkopo kakosa. Ada peke yake milioni mbili na ushee kwa mwaka, weka nauli, msosi, fildi, na zile michango zao zisizoisha, miaka mitatu inakimbilia milioni 12. Mzee kashapata mteja wa kiwanja cha Chanika. Mimi nasema aende VETA akasome ufundi, hela itakayobaki iwe mtaji, maana huku Gongo la Mboto wenye digrii wamejaa vijiwe vya bodaboda. Mzee hataki hata kunisikia. Nisaidieni hoja, matusi hapana.

fundi_waya:
Mkuu mi zao la VETA Chang'ombe, umeme, na nakula mjini hapa. Ila usimpelekee mzee hoja kwamba ukitoka VETA hela inakusubiri getini. Bila leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, nyumba unafunga waya wewe, fomu ya kupeleka TANESCO anagonga muhuri mwingine na anachukua chake, na hiyo leseni nayo wanataka cheti na uzoefu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nabebea watu ngazi tu. Halafu huyo binti ufundi anautaka au ni wewe unautaka?

Stoo_Kurasini:
Niko kwenye fani hiyohiyo. Kitu wengi hawaambiwi ni kwamba digrii ya ugavi haijamaliza safari, kuna mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, mpaka ufike CPSP, cheti chao cha juu cha taaluma, na kila hatua ina ada yake. Tangazo la kazi za serikali likitoka Ajira Portal wanaitwa watu kibao, wenye CPSP ndo wanapumua kidogo. Kwahiyo hiyo milioni 12 yenu bado haijafika mwisho. Kuisoma siyo vibaya, ni fani nzuri, ila kwa bei ya kiwanja hapana. CBE na TIA wanafundisha hiyohiyo, ni vyuo vya serikali, ada imepoa. Aombe huko mwakani, haraka ya nini?

Mama Kelvin:
Kwanza mkopo mmekata rufaa? Bodi ya mikopo huwa wanafungua dirisha la rufaa, watu wanaishia kununa nyumbani. Wa kwangu alikosa kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA na fomu haina muhuri wa serikali ya mtaa, tukarekebisha akapata, si wote, asilimia kadhaa lakini bumu likaingia. Na wasikutishe na deni, ile 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, anakatwa 15% ya mshahara akishaajiriwa, yaani kwenye laki nane inaondoka laki moja na ishirini. Inauma ndio, lakini asiye na ajira hana mshahara wa kukatwa. Kiwanja kikishauzwa kimeuzwa, kwa bei za Chanika za sasa utakirudisha na nini? Mwambie baba yako taratibu, shikamoo kwanza, usimpelekee habari za bodaboda mbele ya binti yake.

Tandale_1:
Mteja wa kiwanja ni nani, ana hela taslimu? Niko PM 😂

KijanaWaGoms:
@Tandale_1 toka hapa 😂
@fundi_waya ukweli anataka chuo, VETA ni mimi. Rufaa hatujakata Mama, nilidhani jina likikosekana ndo basi. Kesho asubuhi naenda naye serikali ya mtaa kuulizia huo muhuri. Stoo, hivi CBE ukianza na diploma halafu ukaunga digrii, gharama inapungua au ni yaleyale?

Stoo_Kurasini:
Jumla inaweza ikazidi maana miaka inaongezeka. Ila two ya HGE hana haja ya kuanzia chini, aombe digrii moja kwa moja.